Msamaha wa Altgeld, na gharama yake

Ombi lililofikishwa kwa John Peter Altgeld, gavana mpya wa jimbo la Illinois nchini Marekani, mwaka 1893 lilikuwa na saini za watu wapatao 60,000. Miongoni mwao walikuwamo wenye mabenki, wafanyabiashara na mawakili wa Chicago, na baadhi yao miaka saba nyuma walikuwa upande wa mashtaka. Sasa walikuwa wakiwaombea wafungwa watatu waliobaki katika gereza la Joliet, waliotiwa hatiani kwa sababu ya bomu lililoua askari polisi Chicago mwaka 1886. Hoja ya wengi wao ilikuwa ya kiutu: wameteseka vya kutosha, yaliyopita si ndwele, waachiwe warudi makwao.

Altgeld angeweza kutia saini siku hiyo hiyo, akataja neno huruma mara mbili tatu, na shughuli ikaishia hapo. Badala yake, tarehe 26 Juni 1893, alitoa waraka wa karibu maneno 18,000. Mwanzoni tu mwa waraka huo aliandika jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha maisha yake yote ya uongozi. Alisema kwamba kama watu hawa walihukumiwa kwa haki, na hakuna lililojitokeza baadaye kuonyesha kwamba hawana hatia, basi gavana hana sababu ya kuingilia kati, kwa kuwa kwa kosa kama hilo hakuna adhabu ya kisheria inayoweza kuwa kali mno. Kwa maneno mengine, aliirudisha huruma kwa walioileta. Kisha akaanza kuonyesha, hati kwa hati, kwamba hawakuhukumiwa kwa haki.

Waraka ule ulimmaliza kisiasa. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hata leo, kwamba alijimaliza mwenyewe bila sababu, kwa kuwa wafungwa wangetoka vilevile. Nataka kulitetea kila neno aliloandika.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua tarehe ya kisa hiki hata kama kisa chenyewe hakijui. Kila Mei Mosi wafanyakazi wa Tanzania wanapopita mbele ya jukwaa la viongozi na mabango yao, fulana mpya na kofia, wakisubiri kutajwa wafanyakazi bora wa mwaka, wanaitunza tarehe iliyotoka Chicago. Tarehe 1 Mei 1886 maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Tarehe 3 polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick kilichokuwa kikitengeneza mashine za kuvunia. Jioni ya kesho yake ukaitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo katika uwanja wa Haymarket. Meya wa jiji, Carter Harrison, alikwenda mwenyewe kusikiliza. Aliona pametulia, akapitia kituo cha polisi kumwambia Kapteni John Bonfield kwamba hakuna la kutisha, akaenda zake nyumbani. Mvua ikaanza kutishia, watu wakaanza kutawanyika.

Aliyekuwa akizungumza dakika ile ni Samuel Fielden. Nitamfuata mtu huyu kidogo, kwa sababu ndiye atakayetufikisha mwisho wa kisa. Fielden alizaliwa Lancashire, Uingereza, na akiwa na miaka minane tayari alikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba. Alihubiri katika makanisa ya Kimethodisti kabla ya imani yake kuhamia kwenye harakati za wafanyakazi. Chicago alikuwa akiendesha mkokoteni wa farasi, akibeba mawe ya ujenzi. Usiku ule alisimama pia juu ya mkokoteni, uliowekwa kando ya barabara kuwa jukwaa, akikaribia kumaliza, mara askari wapatao 180 wakatokea wamejipanga safu kwa safu, wakaamuru watu watawanyike. Fielden akajibu kwamba wao ni watu wa amani. Ndipo bomu likarushwa kutoka gizani. Polisi wakaanza kufyatua risasi ovyo. Askari saba walipoteza maisha, baadhi yao kwa risasi za wenzao, na raia wasiopungua wanne. Aliyelirusha bomu lile hajajulikana mpaka leo.

Wakakamatwa wanane: August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer, George Engel, Louis Lingg, Michael Schwab, Oscar Neebe na Fielden. Walikuwa wahariri, wachapaji, mafundi na wasemaji wa mikutano, watu waliotaka dunia isiyo na serikali wala tajiri wa kumnyonya mfanyakazi, na waliosema waziwazi kwamba mnyonge ana haki ya kutumia nguvu. Maneno yao mengine yalikuwa makali ya kuogofya, na sina sababu ya kuyapaka asali. Lakini walishitakiwa kwa mauaji.

Kesi yenyewe iliendeshwa mbele ya Jaji Joseph Gary. Marekani mashtaka kama hayo huamuliwa na juri, raia kumi na wawili wasiokuwa na upande. Watu 981 waliitwa na kuhojiwa kabla hawajapatikana hao kumi na wawili. Kazi ya kuwatafuta alikabidhiwa ofisa mmoja, Henry Ryce, na hati ya kiapo iliyofika kwa Altgeld ilimnukuu Ryce akijigamba kwamba yeye ndiye anayeiendesha kesi hii na kwamba washitakiwa watanyongwa tu. Anawaita kwa makusudi watu ambao washitakiwa watalazimika kuwakataa, mpaka nafasi zao za kukataa zitakapokwisha. Wengi wa walioitwa walikiri kwamba wameshasoma magazeti na wameshaamua. Jaji aliwabembeleza kwa maswali hadi waseme wataweza kuweka maoni yao kando, kisha akawapitisha. Hata mtu aliyesema kwamba ana ndugu miongoni mwa askari waliokufa, jaji alimwona anafaa.

Na ushahidi? Dhidi ya Neebe, mwenye biashara yake ya hamira, ulikuwa ni hisa chache za gazeti la wafanyakazi wa Kijerumani, bendera nyekundu nyumbani kwake na makaratasi ya tangazo. Schwab wakati bomu linarushwa alikuwa akihutubia mkutano mwingine, mbali na pale. Jaji Gary mwenyewe, alipokataa kuwapa kesi mpya, alisema kwamba hawakutiwa hatiani kwa sababu walishiriki wenyewe katika tendo lile. Walitiwa hatiani kwa sababu maneno na maandishi yao yaliwashawishi watu kuua. Altgeld alilishika hapo hapo. Kama hujui aliyerusha bomu, alihoji, utajuaje kwamba aliwahi kusikia au kusoma hata neno moja la watu hawa?

Saba walihukumiwa kifo, Neebe akapewa miaka 15. Gavana wa wakati huo, Richard Oglesby, aliwabadilishia Fielden na Schwab kuwa kifungo cha maisha. Lingg akajiua ndani ya seli. Spies, Parsons, Fischer na Engel walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887.

Altgeld alikuwa wapi? Alikuwa Chicago, jaji mpya kabisa katika mahakama ya kaunti, na hakufungua mdomo hadharani. Nalitaja hili kwa sababu wanaompenda hulirukia. Mtu huyu hakuzaliwa shujaa wa wanyonge. Alizaliwa Desemba 1847 katika kijiji cha Niederselters, Ujerumani, akavushwa bahari akiwa mchanga, akakulia shambani Ohio kwa baba mgumu asiyeona faida ya mtoto kukaa na kitabu. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita dhidi ya majimbo yenye watumwa. Alirudi na homa ambayo ilimsumbua maisha yake yote. Alitembea kwa miguu kuelekea magharibi akitafuta kibarua, akajenga reli, akaugua, akafundisha shule, akasomea sheria hadi akawa mwendesha mashtaka wa kaunti huko Missouri. Mwaka 1875 aliingia Chicago akiwa na dola kama 100 mfukoni. Miaka 15 baadaye alikuwa tajiri wa viwanja na majumba, akijenga ghorofa 16 katikati ya jiji, jengo la Unity. Alikuwa na tamaa ya madaraka, na alijua kuyatafuta.

Dalili moja tu ya mapema ilionyesha alipokuwa akielekea. Mwaka 1884 alichapisha kwa fedha zake kitabu kidogo kuhusu magereza, akieleza jinsi mashine ya sheria inavyowasaga maskini, inavyowakamata kwa makosa madogo, inavyowaachia wakiwa wameharibika zaidi. Nakala moja ilimfikia wakili kijana wa mji mdogo wa Ohio, Clarence Darrow, ambaye alihamia Chicago na kumtafuta mwandishi. Wakawa marafiki hadi kufa.

Altgeld alishinda ugavana Novemba 1892, wa kwanza katika Illinois aliyezaliwa nje ya Marekani. Darrow na wengine walimshinikiza awaachie wafungwa mara moja. Alikataa kuharakishwa. Alimwambia Darrow kwamba akiamua kuwasamehe, kuanzia siku hiyo yeye ni maiti kisiasa. Akaomba jalada lote la kesi, akaanza kusoma.

Alipokuwa bado anasoma, tarehe 3 Juni 1893, umati katika mji wa Decatur ulivunja mahabusu, ukamtoa mtu mweusi aitwaye Samuel Bush ambaye alikuwa hajahukumiwa, ukamnyonga kwenye nguzo ya simu. Altgeld alitoa tamko kali akiliita tendo hilo mauaji na aibu kwa ustaarabu wa jimbo, akatangaza zawadi ya fedha kwa atakayewezesha wauaji kutiwa hatiani. Tamko hilo halitajwi sana, na mimi siwezi kulitenganisha na waraka uliofuata wiki tatu baadaye. Decatur umati ulivunja mlango ili kumpata mtu wake. Chicago haukuwa na haja ya kuvunja mlango, kwa kuwa ulishaketi kwenye viti vya juri.

Siku ya msamaha tunaijua kwa karibu kupitia karani kijana, Brand Whitlock, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa Toledo na balozi wa Marekani Ubelgiji. Aliagizwa aandike hati tatu za msamaha kwa mkono wake, peke yake, asimwambie mtu. Alipozipeleka ofisini kwa gavana alimkuta Edward Dreyer, mwenye benki wa Chicago. Dreyer alikuwa mmoja wa wajumbe wa baraza lililowafungulia wanane wale mashtaka. Dhamiri ikamsumbua, akawa mstari wa mbele kuwaombea. Altgeld alimkabidhi yeye hati zile azipeleke Joliet. Mzee akaanza kusema, sauti ikakatika, machozi yakamtoka. Altgeld akamkata kwa upole na kumwambia awahi treni. Kesho yake Whitlock alimkuta gavana barabarani juu ya farasi wake, akamwambia kwamba sasa dhoruba itapiga. Altgeld akajibu kwamba alijiandaa kwa hilo, na kwamba alichofanya ni kutenda lililo sawa, basi.

Dhoruba ilipiga kweli. Chicago Tribune liliandika kwamba Altgeld hana hata tone la damu halisi ya Kimarekani, hafikiri kama Mmarekani wala hahisi kama Mmarekani. Sisi huku tunaijua silaha hiyo: hoja ikishindikana kujibiwa, uliza uraia wa aliyeitoa. Kijana aliyevaa sare ya nchi ile akiwa na miaka 16 aligeuzwa mgeni kwa kuwa alisoma jalada. Wengine walidai ana kinyongo binafsi na Jaji Gary. Hata baadhi ya rafiki zake waliona alikosea kumtaja jaji na Kapteni Bonfield kwa majina na kwa ukali ule.

Hoja yao si nyepesi, na ningependa kuitendea haki. Kwanza, wafungwa wangetoka bila waraka. Pili, Altgeld alikuwa na kazi nyingine mkononi, na kazi hiyo iliwagusa watu wengi kuliko watatu. Mwaka ule ule wa 1893 alitia saini sheria ya viwanda iliyopiga marufuku kuajiri watoto wa chini ya miaka 14 viwandani na kuweka kikomo cha saa nane kwa wanawake. Akamteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, mwanamke aliyeingia mwenyewe katika vyumba vya kushonea nguo vya Chicago, ambako watoto walikatia na kushona kando ya wagonjwa wa ndui. Alikiinua Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1895 alikataa kutia saini miswada ambayo ingempa tajiri wa treni za mjini, Charles Yerkes, umiliki wa barabara za Chicago kwa miongo mingi. Kiongozi wa aina hii akiondoka, kazi yake huondoka naye. Ndivyo ilivyokuwa: aliyemrithi, John Tanner, alimwondoa Kelley mwaka 1897, na nafasi akapewa mtu kutoka kampuni ya vioo ambayo Kelley alikuwa akipambana nayo juu ya watoto wadogo waliofanya kazi kwenye tanuri zake. Watoto hao nao walilipa sehemu ya gharama ya waraka.

Naikubali gharama hiyo, na bado nasema Altgeld alikuwa sahihi. Huruma ingewafikia watatu walio hai. Isingeweza kuwafikia watano waliolala katika makaburi ya Waldheim. Kuwaachia Fielden, Schwab na Neebe kwa huruma kungekuwa ni kuthibitisha kwa saini ya gavana kwamba hukumu ilikuwa halali, kwamba Spies na Parsons walikuwa wauaji na walistahili kitanzi, na kwamba dola sasa imeamua kuwa mpole. Kila kesi ya mgomo iliyokuwa inakuja ingelikuta shimo lile lile limeachwa wazi: mtu anaweza kunyongwa kwa bomu la mwingine asiyejulikana, kwa sababu tu aliwahi kusema maneno makali jukwaani. Njia pekee ya kuliziba ilikuwa kuandika, kwa mkono wa mwenye mamlaka, jinsi lilivyochimbwa na nani alilichimba. Ndiyo maana majina yalihitajika.

Mwaka uliofuata alijaribiwa tena. Kampuni ya Pullman, iliyotengeneza mabehewa ya kulala, ilipunguza mishahara lakini haikupunguza kodi za nyumba ambazo wafanyakazi wake walipanga kwake yeye yeye mwajiri. Wakagoma Mei 1894, na chama cha wafanyakazi wa reli cha Eugene Debs kikawaunga mkono kwa kuyasusia mabehewa hayo. Rais Grover Cleveland, wa chama kile kile cha Altgeld cha Democratic, aliwapeleka Chicago wanajeshi wa serikali kuu mwanzoni mwa Julai bila kuombwa na gavana. Altgeld alimpelekea simu mbili za maandishi akimweleza kwamba jimbo lina askari wake na liko tayari kuwatumia, na kwamba kuingiza jeshi namna ile ni kuikanyaga katiba. Cleveland hakurudi nyuma. Mgomo ukavunjwa, Debs akafungwa. Mwezi Agosti Altgeld alikwenda mwenyewe katika mji wa Pullman, akazunguka nyumba kwa nyumba, akamwandikia George Pullman kwamba familia 1,600, watu karibu 6,000, hawana chakula. Pullman alikataa kuwasaidia.

Alilipiza kwa Cleveland mwaka 1896. Katika mkutano mkuu wa Democratic uliofanyika Chicago, Altgeld alikuwa miongoni mwa wenye nguvu kubwa ukumbini, na ilani iliyotoka humo ililaani mtindo wa kutawala wafanyakazi kwa amri za zuio za mahakama. Urais wenyewe asingeweza kuugombea, kwa kuwa alizaliwa Ujerumani. Aligombea ugavana tena akashindwa. Januari 1897 aliandaa hotuba fupi ya kuaga, kama desturi ilivyokuwa kwa gavana anayeondoka. Hakupewa nafasi ya kuisoma.

Jengo la Unity lilimponyoka, na utajiri wote ukaenda. Aligombea umeya wa Chicago 1899, akaanguka. Miaka yake ya mwisho alirudi kwenye uwakili, katika ofisi ya Darrow, yule kijana aliyevutwa na kitabu chake.

Tarehe 11 Machi 1902 alikwenda kuhutubia mkutano Joliet, mji wa gereza lile lile, akiwatetea Makaburu wa Afrika Kusini dhidi ya himaya ya Uingereza. Hapa msomaji wa Afrika atasita, na mimi nimesita. Makaburu wa Transvaal walikuwa wameandika katika katiba yao kwamba hakuna usawa kati ya mweupe na mweusi, si kanisani wala serikalini. Mtu aliyepekua jalada la Chicago hati kwa hati, aliyesimama kidete kwa ajili ya Samuel Bush, aliwatazama Makaburu kutoka ng'ambo ya bahari akaona upande wao mmoja tu, ule wa taifa dogo linaloonewa na kubwa. Alipomaliza hotuba alizidiwa. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani, akafariki alfajiri ya tarehe 12, akiwa na miaka 54. Maelfu walipanga foleni Chicago kupita mbele ya jeneza lake.

Schwab alitangulia kufa, mwaka 1898, akiwa maskini. Neebe alizikwa Waldheim mwaka 1916 pamoja na wenzake. Fielden alipata urithi kutoka kwa ndugu wa Uingereza, akanunua shamba la mifugo Colorado, akahamia huko na familia yake. Alifariki 1922, karibu miaka 29 baada ya Dreyer kushuka kwenye treni Joliet na hati zile tatu mkononi.